Kabla ya Kusema "Kimekufa"



Hapa Arusha neno "kimekufa" hutamkwa haraka sana tunapozungumzia vifaa vya umeme. Printa isiyotoa karatasi imekufa. Kompyuta isiyoona mtandao imekufa. Flashi isiyofunguka imekufa. Pita kwenye vibanda vya mafundi jirani na Soko la Kilombero, au chungulia stoo ya ofisi nyingi tu kutoka mjini hadi Usa River, utakuta marundo ya vifaa vilivyotangaziwa kifo na mtu aliyevitazama kwa dakika tano.

Sisi ni mafrateri tunaohudumia chumba cha kompyuta cha seminari yetu, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Hatukusomea ufundi. Kazi hii tunaifanya katika saa za kazi za mikono, kati ya chakula cha mchana na masifu ya jioni. Lakini kwa kuwa mashine zetu ni za msaada, za umri mbalimbali na za aina mbalimbali, zimetufundisha jambo moja ambalo tungependa kuwashirikisha: vifaa vingi vinavyodaiwa kufa havijafa. Havijashikwa tu.

Neno hilo "kushikwa" linahitaji maelezo. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, kama Windows, Linux au NetBSD, na kiini cha mfumo huo huitwa kerneli. Kerneli haijui lugha ya kila printa na kila kadi ya mtandao duniani. Kwa hiyo kwa kila aina ya kifaa huandikwa programu ndogo inayojua lugha yake, nayo ndiyo draiva. Kompyuta inapowaka, au unapochomeka kifaa, ni lazima kifaa na draiva vikutane na kushikana. Visiposhikana, kifaa kinabaki kama mgeni aliyeachwa uani.

Mfano wa mgeni unasaidia sana. Mgeni akifika nyumbani kwa watu, kwanza hubisha hodi na kusikika. Pili, hutaja jina lake. Tatu, hutokea mwenyeji wa kusema, "Huyu ni mgeni wangu." Nne, hupewa kiti na mazungumzo yanaanza. Nasi tunazo hatua nne za kifaa: kuonekana, kutambuliwa, kushikwa na kuamshwa. Kifaa kinapogoma, kimegoma kwenye mojawapo ya hatua hizo, na dawa ya hatua moja haitibu nyingine. Draiva mpya haiwezi kukisaidia kifaa kisichopata umeme. Waya mpya nao hauwezi kukisaidia kifaa kisicho na draiva.

Vifaa saba na mchango wa waumini

Mwaka huu parokia moja ya jirani ilituletea vifaa saba ndani ya gari la paroko: kompyuta mbili za mezani, adapta ya Wi-Fi, diski ya nje, bodi ndogo ya Raspberry Pi iliyokuwa ikitumika kama kompyuta ya ofisi, printa ya leza na skana. Vyote vilikuwa vimetolewa hukumu moja. Halmashauri ya walei ilikuwa na kikao Jumapili baada ya misa ya pili, na ajenda ya kwanza ilikuwa mchango wa kila kaya kwa ajili ya vifaa vipya vya ofisi.

Wanaoijua miteremko ya Meru wanajua mchango wa kaya unatoka wapi. Unatoka kwenye ndizi zilizobebwa kichwani hadi soko la Tengeru, kwenye kahawa, kwenye maziwa ya ng'ombe mmoja. Mama Katibu wa parokia alipokuwa akishusha maboksi alituambia, "Frateri, nyie mtuandikie tu kwamba vimekufa, tupeleke karatasi kikaoni."

"Mama, tupe hadi Jumamosi," tulimjibu. "Tukiandika kwamba kimekufa, tutaandika pia kimekufa kwa ugonjwa gani."

Alicheka, lakini alikubali. Kilichokuwa mezani, kwa hiyo, ni jasho la watu ambao hawatauona kamwe ubao wa ndani wa kompyuta, ila wataombwa kuulipia.

Hatua ya kwanza: kuonekana

Tulianza na diski ya nje. Ilikuwa imechomekwa kwenye Raspberry Pi, taa yake inawaka, lakini kompyuta haioni kitu. Kwenye Linux kuna amri mbili tunazozitumia kila siku. Amri ya lsusb huorodhesha kila kilichobisha hodi kwenye milango ya USB, na dmesg huonyesha logi ya kerneli, yaani daftari la yote iliyoyaona tangu kuwaka. Diski hiyo haikuwemo kwenye lsusb, na dmesg ilionyesha ikija na kupotea, ikija na kupotea.

Kifaa kinachokuja na kupotea namna hiyo mara nyingi kina njaa ya umeme. Raspberry Pi 3 hugawa takriban ampea 1.2 kwa milango yake yote minne ya USB kwa pamoja, na diski ya kuzunguka inaweza kutaka sehemu kubwa ya kiasi hicho wakati wa kuanza kuzunguka. Zaidi ya hapo, bodi yenyewe ilikuwa inalishwa kwa chaja ya simu yenye waya mrefu na mwembamba. Bodi hizi huandika onyo kwenye logi umeme unaoingia unaposhuka chini ya takriban volti 4.63, na onyo hilo lilikuwa limejaa kwenye daftari. Tulibadilisha chaja, tukaichomeka diski kupitia kigawio cha USB chenye umeme wake, ikaonekana mara moja na mafaili yote yakiwemo. Diski ile ile kwenye kompyuta ya mezani haikuwa na tatizo tangu mwanzo. Kama ingekuwa imekufa, ingekuwa imekufa kote.

Hapa ndipo tulipopata kanuni yetu ya kwanza: kabla ya kumpima mgonjwa, mhamishe kitanda. Kichomeke kifaa kwenye mashine ya aina nyingine. Kikifanya kazi huko, kifo hakipo. Kilichopo ni kutokuelewana kati ya kifaa na mashine ya kwanza, na kutokuelewana kunatibika.

Ila kuna vifaa ambavyo havibishi hodi kabisa, hata vikiwa vizima. Parokia ililalamika kwamba Raspberry Pi "haijui saa": kila umeme ukikatika, stakabadhi za zaka zinatoka na tarehe ya zamani. Bodi za Raspberry Pi zilizotangulia toleo la 5 la mwaka 2023 hazina saa ya ndani inayoendelea kutembea bila umeme. Fundi mmoja alikuwa amewafungia kipande kidogo cha saa chenye chipu ya DS3231 na betri yake. Kipande kilikuwa kizima, na betri nzima, lakini bodi haikukitumia.

Sababu ni hii. Vifaa vya USB, na kadi za PCI zilizo ndani ya kompyuta za mezani, vikiulizwa hutaja majina yao. Chipu ndogo zinazounganishwa kwa nyaya za I2C hazitaji jina. Ni lazima kerneli iambiwe mapema kwamba mahali fulani pana kifaa fulani. Kwenye bodi za ARM taarifa hizo huandikwa kwenye kinachoitwa mti wa vifaa, na tunaweza kuulinganisha na daftari la parokia: usipoandikwa, karani hawezi kukupa cheti, hata kama unakaa benchi la mbele kila Jumapili. Wazo hilo ni la zamani. Kompyuta za Sun na za Apple zilitumia mti wa namna hiyo miaka ya 1990. Linux iliuhamishia kwenye bodi za ARM kwa nguvu zaidi baada ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kulalamika hadharani mwaka 2011 kwamba kila bodi ilikuwa inaleta msimbo wake ndani ya kerneli na kuijaza fujo.

Tulipopima nyaya kwa amri ya i2cdetect, tulikuta kitu kinaitika kwenye anwani 68. Ndiyo anwani ya DS3231. Yaani kifaa kipo, kinapumua, ila hakijaandikwa. Tuliongeza mstari mmoja kwenye faili la config.txt kuitaja saa hiyo, tukawasha upya. Safari hii i2cdetect haikuonyesha 68 bali herufi UU, maana yake anwani hiyo tayari ina draiva aliyeishika. Mstari mmoja wa maandishi, na stakabadhi zikarudi kwenye tarehe ya kweli.

Hatua ya pili: kutambuliwa

Kifaa kikishabisha hodi hutaja namba mbili: namba ya kampuni iliyokitengeneza na namba ya kifaa chenyewe. Namba hizo ndizo jina lake halisi. Jina lililoandikwa kwenye boksi ni la biashara.

Adapta ya Wi-Fi ilitufundisha hilo vizuri. Parokia ilikuwa na nyingine iliyofanana nayo kwa rangi, umbo na jina, na hiyo ilifanya kazi kwenye kompyuta ile ile. Kwa hiyo watu walihitimisha kwamba hii ya pili ni mbovu. Tulisoma maandishi madogo sana chini ya kila moja: zilikuwa matoleo mawili tofauti. Lsusb ikathibitisha. Ya kwanza ilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, inayojitaja kwa namba 0cf3:9271. Ya pili ilikuwa na chipu ya Realtek RTL8188EUS. Ni viumbe viwili tofauti ndani ya koti moja, na kila kimoja kinahitaji draiva wake. Hatutaji jina la kampuni wala la duka, kwani jambo hili hutokea kwa bidhaa nyingi. Tunachosema ni kwamba ukitafuta draiva kwa jina la boksi unaweza kutafuta wiki nzima. Tafuta kwa namba.

Kusoma namba nako kuna mtego wake. Katika chumba chetu tuna Power Mac G4, mnara wa zamani wa Apple tulioachiwa na mmisionari mmoja, nao tunautumia kujifunzia NetBSD. NetBSD ni mfumo endeshi ulioanza mwaka 1993, na sifa yake kuu ni kuendeshwa kwenye aina nyingi mno za mashine. Kichakataji cha Mac hiyo, PowerPC, hupanga baiti za namba kwa mpangilio ulio kinyume na ule wa kompyuta za Intel. Kadi ya mtandao ya Realtek hujitaja kwa namba ya kampuni 10ec. Baiti zile zile zikisomwa kwa mpangilio wa upande wa pili bila kugeuzwa, inatokea ec10, kampuni isiyojulikana.

Wanaofanya kazi na vitabu vya ubatizo watalielewa hili kuliko wataalamu wa kompyuta. Tarehe iliyoandikwa 4/7 na padre kutoka Marekani ni tarehe saba Aprili. Kwetu ni tarehe nne Julai. Wino haujakosea, wala kitabu hakijaharibika. Msomaji anatakiwa kujua mwandishi alizoea mpangilio gani. Ndiyo sababu draiva iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuona kompyuta za Intel tu inaweza kuanguka siku inapohamishiwa kwenye mashine nyingine, na hakuna chipu iliyoungua popote.

Hatua ya tatu: kushikwa

Kompyuta ya kwanza ya mezani ilikuwa na kadi ya mtandao ya Realtek yenye namba 10ec:8139. Ni kadi nafuu na ya kawaida sana, iliyojaa katika kompyuta za mitumba. Kerneli iliiona, ikalisoma jina lake sawasawa, lakini mtandao haukuwepo.

Ndani ya Linux namba hiyo moja ina draiva wawili wanaoidai: 8139too na 8139cp. Ni kwa sababu kampuni ilitoa chipu ya zamani na baadaye chipu iliyoboreshwa, iitwayo 8139C+, zote kwa namba ile ile. Kinachozitofautisha ni namba ndogo ya toleo: chipu iliyoboreshwa ina 20 au zaidi, kwa hesabu ya msingi wa 16. Draiva 8139cp akiitwa, hutazama namba ya toleo. Akikuta ni chipu ya zamani, huandika kwenye logi kwamba kifaa hiki si chake, tumia 8139too, kisha hujitoa. Mwenzake hufanya vivyo hivyo kwa upande wake.

Tulipofungua dmesg ujumbe huo ulikuwepo, umekaa pale tangu siku ya kwanza. 8139cp alikuwa amesema wazi nani aitwe. Lakini mtu aliyeweka mfumo kwenye kompyuta hiyo alikuwa ametumia toleo lililopunguzwa ili litoshe kwenye diski ndogo, na katika kupunguza, 8139too hakuwekwa. Tulimrudisha, kadi ikashikwa, mtandao ukaja.

Tulikaa kidogo na ujumbe ule. Draiva aliyegundua kwamba hawezi kumhudumia mgeni hakumng'ang'ania, wala hakumfukuza kimya kimya. Alimtaja mwenzake kwa jina. Walezi wetu hutuambia kwamba katika utume kuna siku utatakiwa kusema, "Hili si langu, nenda kwa fulani," na kwamba kusema hivyo ni sehemu ya kazi. Hatukutegemea kukuta somo hilo ndani ya kadi ya mtandao.

Mifumo mingine hulitatua jambo hili kwa njia tofauti. Kwenye NetBSD kila draiva huulizwa kwanza, "Unamfaa mgeni huyu kwa kiasi gani?" naye hujibu kwa namba. Sifuri ni kusema hapana, na mwenye namba kubwa kuliko wote ndiye anayepewa kifaa. Kwenye Linux draiva ambaye orodha yake ina namba ya kifaa huitwa kujaribu, na wa kwanza kukubali ndiye hukishika. Tena kadi ile ile hubadilika jina kwa kila mfumo: kwenye NetBSD ni rtk0, kwenye FreeBSD ni rl0, kwenye Linux ni eth0 au enp na tarakimu zake. Anayehama mfumo bila kujua hilo hutafuta jina la zamani na kudhani kadi imepotea.

NetBSD ina tabia nyingine tunayoipenda. Kifaa kisipopata draiva, hakifichwi. Huorodheshwa kwenye logi kwa namba zake na mahali kilipo, pamoja na maneno yenye maana kwamba hakijapangiwa. Kwa fundi, mstari huo ni habari njema. Unamwambia kwamba hatua mbili za kwanza zimepita salama, atafute tatizo kwenye ya tatu.

Skana nayo iligoma kwenye hatua hii, ila kwa sababu isiyotibika kwa maandishi. Lsusb iliiona na namba zake zilikuwa sawa. Lakini draiva wake hutolewa na watengenezaji kama programu iliyokwisha kukusanywa kwa ajili ya vichakataji vya Intel tu, bila msimbo wake. Raspberry Pi ina kichakataji cha ARM. Ni sawa na kitabu kilichochapwa kwa lugha moja na mswada wake kufichwa: huwezi kukitafsiri. Hapo dawa haikuwa kuitupa skana, bali kuihamishia kwenye kompyuta ya mezani, ambako ilianza kufanya kazi siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: kuamshwa

Hatua ya mwisho ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu kila kitu kinaonekana sawa. Kifaa kinaonekana, jina linajulikana, draiva yupo, lakini kazi haitoki.

Tulirudi kwenye adapta ya pili ya Wi-Fi. Draiva wake alikuwepo na alikuwa ameishika, ila logi ilisema ameshindwa kupata faili liitwalo rtl8188eufw.bin. Hiyo ni fimuwea, programu inayotakiwa kuingia ndani ya chipu yenyewe kabla haijaanza kazi. Kompyuta ilikuwa na Debian ya zamani, na kwa miaka mingi diski rasmi za kusakinisha Debian hazikubeba fimuwea za namna hiyo kwa sababu msimbo wake si huru. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022 kubadili utaratibu huo, na tangu Debian 12 ya Juni 2023 fimuwea zimo kwenye diski. Tulisakinisha kifurushi kinachohusika, na adapta ikapata mtandao kabla ya kengele ya masifu.

Printa ilikuwa na hadithi ya aina hiyo hiyo. Ilikuwa LaserJet 1020, printa ndogo inayojulikana katika ofisi nyingi. Imeundwa bila kuhifadhi fimuwea yake umeme unapozimwa. Kila ikiwashwa husubiri kompyuta iipelekee upya. Kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi draiva wa Windows alifanya kazi hiyo kimya kimya, na hakuna aliyejua kwamba inafanyika. Siku ofisi ilipohamia Raspberry Pi, hakuna aliyeipelekea kitu, na printa ikakaa kimya huku taa zikiwaka. Kwa kuwa kwa kifaa hiki upo draiva huru unaoweza kukusanywa kwenye ARM, uitwao foo2zjs, tuliuweka pamoja na faili la fimuwea, na kuipangia kompyuta kulituma kila printa inapowashwa. Sasa hata umeme ukikatika mara tatu kwa siku, printa inaamka yenyewe.

Kuna jambo jingine la hatua hii ambalo hatukulikuta kwenye vifaa vya parokia, lakini anayehamisha draiva kati ya mashine atalikuta. Vifaa vingi huandika data moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta. Kichakataji nacho huweka nakala ya kumbukumbu karibu yake ili kisome haraka. Kwenye kompyuta za Intel mashine yenyewe huhakikisha nakala na asili vinafanana. Kwenye bodi nyingi za ARM ni lazima draiva aagize zilinganishwe. Draiva asiyeagiza atafanya kazi vizuri miaka kumi kwenye kompyuta ya mezani, kisha aharibu data siku ya kwanza kwenye bodi ndogo. Ili kuwaondolea waandishi mzigo huo, NetBSD iliunda utaratibu wa pamoja ambao Jason Thorpe aliueleza mwaka 1998: draiva huomba huduma kwa jina, na kila aina ya mashine huitimiza kwa namna yake. Ndiyo sababu draiva mmoja wa rtk anaweza kuitumikia kadi ile ile kwenye Intel na kwenye Mac yetu ya zamani.

Karatasi iliyokwenda kikaoni

Kompyuta ya pili ya mezani ilikuwa imekufa kweli. Kapasita kwenye mazabodi yake zilikuwa zimevimba na nyingine zimepasuka, na hata tulipoibadilishia kisambaza umeme haikuonyesha dalili yoyote. Haikufika hata hatua ya kwanza, wala kwenye kitanda kingine. Tuliandika hivyo bila kuzungusha maneno. Kuwatetea wazima hakuna maana kama hatuko tayari kuwazika wafu.

Jumamosi jioni tulimkabidhi Mama Katibu ukurasa mmoja wenye mistari saba. Kila mstari ulikuwa na jina la kifaa, namba zake, hatua iliyokwama, kilichofanyika, na kompyuta ambayo kifaa kinafaa kukaa. Aliusoma akiwa amesimama, kisha akauliza, "Kwa hiyo tunachangisha kompyuta moja tu?"

"Moja tu, Mama. Na kigawio cha USB tulichowaazima, mtaturudishia mkipata chenu."

Kikao kiliamua hivyo. Tuliambiwa baadaye kwamba mzee mmoja wa halmashauri aliomba ukurasa ule ubandikwe ndani ya kabati la ofisi, ili atakayekuja kuhudumu baadaye asianze upya. Tulifurahia wazo lake kuliko shukrani zote, kwa sababu vifaa hivi vitagoma tena, na siku hiyo huenda sisi tutakuwa tumetumwa mbali.

Basi, ndugu msomaji, kifaa cha ofisi yenu, cha shule yenu au cha nyumbani kikigoma, kabla ya kukitangazia kifo kipeleke mbele ya maswali manne. Je, mashine inakiona? Je, kimejitaja kwa namba gani? Je, kuna draiva aliyekishika, naye ni yupi? Je, draiva huyo amepata kila anachohitaji ili kukiamsha? Kichomeke kwenye mashine ya aina nyingine ulinganishe majibu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na andika ulichokibadilisha. Soma logi yote, hata mistari usiyoielewa, maana mara nyingi jibu limeandikwa pale likisubiri msomaji.

Na mkituletea kifaa seminarini, tafadhali kileteni pamoja na waya wake, chaja yake, na kompyuta ambayo kilikuwa kinafanya kazi nayo mwanzo. Ni vigumu kujua kwa nini wawili hawaelewani ukiwa umeletewa mmoja tu.